Mashujaa Watatu wa Japani na Mizani Yao

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hii ilitujia siku ya Idi iliyopita katika jambo ambalo hatukulitarajia kabisa, nalo ni ugomvi wa watoto juu ya mashujaa wa televisheni.

Tulikuwa tumekusanyika nyumbani kwetu hapa Uingereza, jamaa wa ukoo mmoja wenye pasi za nchi tatu. Wakubwa wakiwa bado kwenye sinia za biriani, zikasikika kelele kutoka chumba cha pili. Mjukuu wetu mmoja, mzaliwa wa hapa, alikuwa amevaa nguo nyekundu ya Power Rangers aliyorithi kwa kaka yake. Mwenzake, ambaye baba yake anafanya biashara Guangzhou, alikuwa ameshika furushi la kadi za Ultraman. Kila mmoja akidai kuwa wake ndiye anayejulikana zaidi duniani. "Wako wa Kichina tu!" akasema wa kwanza. "Na wako wa Kimarekani!" akajibu wa pili. Wakaja kwetu tuwaamue: "Babu, nani mkubwa?"

Hukumu ilitushinda pale pale. Kwanza, wote wawili walikuwa wamekosea asili ya mashujaa wao, maana wote ni Wajapani. Pili, mhandisi hawezi kujibu "nani mkubwa" kabla hajauliza "kwa kipimo gani?" Tukawaahidi jibu, na makala haya ndiyo jibu lenyewe, ingawa limekuwa refu kuliko walivyotaka.

Jitu la dakika tatu

Wa kwanza kwa umri ni Ultraman. Baba yake ni Eiji Tsuburaya, fundi wa picha za ajabu aliyezaliwa 1901, ambaye ndiye aliyesimamia ufundi wa filamu ya Godzilla ya mwaka 1954. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake mwenyewe, na Julai 1966 stesheni ya TBS ikaanza kurusha Ultraman kila Jumapili saa moja jioni, mdhamini akiwa kampuni ya dawa ya Takeda. Hadithi yake ni nyepesi: linatokea dubwana kubwa kama jumba la ghorofa, linavunja mji, na mtu mmoja wa kikosi cha ulinzi anageuka kuwa jitu la rangi ya fedha kutoka nyota za mbali, analipiga mieleka mpaka linashindwa.

Jitu hilo lakini haliwezi kukaa duniani zaidi ya dakika tatu hivi. Kifuani lina taa ambayo nguvu zikikaribia kwisha hugeuka kutoka buluu kuwa nyekundu, ikaanza kumwekamweka huku ikilia. Mhandisi hawezi kuacha kuisifu taa hii. Mwaka 1966 televisheni za rangi zilikuwa chache mno majumbani, na kwa mwenye televisheni nyeusi na nyeupe buluu na nyekundu ni kitu kimoja. Lakini kumwekamweka huonekana na mlio husikika, kwa hiyo mtoto wa fukara naye alijua kuwa shujaa wake yumo hatarini.

Watazamaji walikuwa wengi kupita kiasi. Kwa wastani wa vipindi vyote 39, katika eneo la Tokyo, katika kila nyumba mia zenye televisheni karibu 37 zilikuwa zikimwangalia Ultraman, na siku moja zilifika karibu 43. Hawa hawakuwa watoto peke yao. Saa moja ya Jumapili jioni familia nzima imekaa, televisheni ni moja, na stesheni zinahesabika kwa vidole. Baba, mama, bibi na wajukuu wote wamo katika hesabu hiyo.

Basi kwa nini kipindi kilichopendwa hivyo kikaisha Aprili 1967, hata mwaka haujatimia? Si kwa kukosa watu. Kilikuwa ghali, na mafundi hawakuweza kwenda na mwendo wa kalenda. Kila juma ilibidi ushonwe mwili wa dubwana jipya, ijengwe miji midogo, kisha ivunjwe kwa dakika chache. Sisi tuliofanya kazi viwandani tunaijua hali hii: mahitaji yako juu, lakini karakana imeelemewa.

Panzi juu ya pikipiki

Wa pili ni Kamen Rider, maana yake mwendesha pikipiki mwenye kinyago. Alianza Aprili 1971, kazi ya kampuni ya filamu ya Toei pamoja na mchora katuni mashuhuri Shotaro Ishinomori. Huyu hakuwa jitu. Alikuwa mtu wa kimo cha kawaida, kijana aliyetekwa na genge la waovu, akapasuliwa na kutiwa nguvu za panzi, akatoroka kabla hawajamharibu akili, kisha akawageukia waliomtengeneza. Kwa mtengenezaji wa vipindi hii ilikuwa nafuu kubwa, kwa sababu mtu wa kimo cha kawaida hahitaji mji wa kuvunja. Humtosha machimbo ya mawe nje ya mji, pikipiki, na vijana hodari wa kuruka sarakasi.

Mwanzo wake ulitiwa doa na ajali. Mchezaji mkuu, Hiroshi Fujioka, alianguka na pikipiki wakati wa kupiga picha akavunjika mguu. Wengine wangefunga kazi. Hawa wakamleta Kamen Rider wa pili, Takeshi Sasaki, na pamoja naye ukaja mkao maalumu wa mikono na neno "henshin", yaani "geuka", ambalo shujaa hulitamka kabla ya kubadilika. Zamani aligeuka kwa upepo wa mwendo wa pikipiki, na mtoto hana pikipiki. Lakini mikono anayo, na sauti anayo. Viwanja vya shule Japani nzima vikajaa watoto wanaogeuka.

Tangu hapo kipimo kikabadilika. Kampuni ya Calbee ikatoa vitafunio vya yen 20 vyenye kadi moja ya Kamen Rider katika kila pakiti, na watoto wakanunua pakiti, wakachukua kadi, wakatupa chakula. Jambo hilo likawa kashfa ya taifa, maana wazee wa Kijapani waliokuwa wameonja njaa ya vita hawakuweza kuvumilia kuona chakula kikitupwa mitaroni. Kisha ukaja mkanda wa kiunoni wa plastiki, unaozunguka na kuwaka taa kama wa kwenye televisheni. Wafanyabiashara wakaelewa kuwa kipindi chenyewe kinaweza kuwa tangazo la saa nusu, na duka likawa ndilo daftari la kuhesabia watazamaji.

Watu watano, rangi tano

Wa tatu alizaliwa kwa sababu ya mafundi mitambo na makarani, si kwa ndoto ya msanii. Machi 1975 stesheni za Japani zilipanga upya mitandao yao, na stesheni ya Osaka iliyokuwa ikishirikiana na Toei kutengeneza Kamen Rider ikahamia mtandao wa TBS. Kamen Rider akahama nayo. Stesheni ya NET ya Tokyo, ambayo leo inaitwa TV Asahi, ikabaki na pengo katika ratiba yake. Toei na Ishinomori wakaulizwa: mna nini kingine? Jibu likawa Goranger, kipindi kilichoanza tarehe 5 Aprili 1975, na hicho ndicho chanzo cha ukoo wote wa Super Sentai. Sentai ni kikosi cha vita.

Badala ya shujaa mmoja wakawekwa watano: mwekundu, buluu, njano, waridi na kijani. Tazama hekima yake. Watoto watano wakitaka kucheza uwanjani hawagombanii nafasi moja, kila mmoja ana rangi yake. Na wa waridi alikuwa mwanamke, kwa hiyo hata dada mdogo akapata pa kusimama.

Lakini lile roboti kubwa ambalo watu wengi hulidhania kuwa ndilo alama ya Sentai halikuwamo mwanzoni. Toei ilikuwa imepatana na kampuni ya Marvel ya Marekani, na mwaka 1978 ikatengeneza Spider-Man wa Kijapani, ambaye alipewa roboti la kupigana na madubwana. Mwaka uliofuata, 1979, kikosi cha Battle Fever J nacho kikapewa roboti, na tangu siku hiyo roboti likawa desturi. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Kuanzia 1979 Super Sentai haikukosa mwaka hata mmoja. Ultraman alikuwa na pengo refu kati ya 1981 na Ultraman Tiga ya 1996. Vipindi vya kila wiki vya Kamen Rider vilisimama Septemba 1989 havikurudi hadi Januari 2000. Sentai ikaendelea tu, kikosi kipya kila mwaka, kama jogoo asiyesahau alfajiri.

Walipotoka kwao

Hapa sisi wenyewe tunaingia katika hadithi. Mwaka 1992 tulikuwa Japani tukisomea uhandisi, wanafunzi wachache kutoka Afrika katika bweni moja. Kijapani cha vitabu kilitutesa, na mwenzetu mmoja akagundua dawa: vipindi vya watoto. Basi kila Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni tulikaa mbele ya televisheni ya bweni kuangalia Zyuranger, kikosi cha mashujaa wenye roho za wanyama wa kale. Tuliwajua kwa majina. Yule wa njano, Boi, alikuwa kijana mcheshi. Yule wa kijani, Burai, alikuwa kaka wa yule mwekundu, na alipokufa bweni zima lilinyamaza, na mtu wa Ghana na mtu wa Indonesia walilia pamoja.

Miaka miwili baadaye tulikuwa Uingereza. Asubuhi moja, kwa jamaa aliyetukaribisha, watoto walikuwa wakiangalia televisheni, na pale tukaona vita vile vile, roboti lile lile, dubwana lile lile lililoanguka mbele yetu bwenini. Lakini vinyago vilipovuliwa sura zilikuwa nyingine, na maneno yalikuwa Kiingereza cha Marekani. Yule wa njano amekuwa msichana. Yule wa kijani hakufa tena. Hakuna aliyetuamini tuliposema, "Hawa tunawafahamu, hawakuwa hawa."

Khabari yake ni hii. Mfanyabiashara Haim Saban aliviona vipindi hivi Japani miaka ya 1980, akahangaika kwa miaka kabla ya kumpata wa kununua wazo lake. Agosti 1993 stesheni ya Fox ikaanza kurusha Mighty Morphin Power Rangers. Picha za mapigano na roboti zilichukuliwa kutoka Zyuranger, na picha za watu wasio na vinyago zikapigwa upya na vijana wa Kimarekani. Ilikuwa rahisi kwa sababu moja: aliyevaa kinyago hana taifa. Krismasi ya 1994 wazazi wa Marekani na Uingereza walipanga foleni madukani kwa vikaragosi ambavyo vilikuwa vimekwisha. New Zealand ilikiondoa kipindi hewani mwaka huo kwa malalamiko kuwa kina mapigano mengi, halafu kuanzia 2003 hadi 2023 huko huko ndiko kilikotengenezwa. Mwaka 2018 kampuni ya Hasbro ilinunua jina hilo pamoja na mali nyingine za Saban kwa dola milioni 522.

Si kila mahali walifanya hivyo. Wafaransa walimwonyesha Bioman, kikosi cha mwaka 1984, akiwa na sura yake ya Kijapani, wakatia sauti za Kifaransa tu, na hata leo Mfaransa wa makamo atakutajia Bioman kabla ya Power Rangers. Wabrazili tangu 1988 walimpenda Jaspion, shujaa wa chuma wa Toei ambaye kwao Japani hakuwa na sifa kubwa hivyo, kwa kiasi kwamba kizazi kizima kimekua naye. Waindonesia miaka ya 1990 walimpokea Kamen Rider Black wakampa jina la Kiindonesia lenye maana ya shujaa wa chuma cheusi. Hawaii walimwangalia Kikaider mwaka 1974 kwa Kijapani chenyewe, maandishi ya Kiingereza yakipita chini. Katika nchi zote hizi uso ulibaki.

Ama Ultraman, njia yake ilikuwa Asia. China kizazi kizima kilikua na Ultraman Tiga, na Septemba 2021 kipindi hicho kilipoondolewa ghafla katika mitandao ya video ya huko, watu wazima ndio waliolalamika kwa sauti kubwa. Kilirudi Novemba kikiwa kimepunguzwa. Thailand nako kulikuwa na kesi ndefu juu ya mkataba wa 1976 uliodaiwa kumpa mtu wa huko haki za Ultraman nje ya Japani. Mahakama Kuu ya Japani iliukubali mwaka 2004, ile ya Thailand ikaukataa 2008, na jopo la mahakama ya Marekani likaukataa 2017. Watu hawagombanii kitu kisicho na thamani.

Sasa tupime

Ukipima kwa sehemu ya nyumba zilizokaa kuangalia kwa wakati mmoja, mkubwa ni Ultraman wa 1966. Lakini rekodi hiyo ni ya zama za televisheni moja sebuleni, na hakuna kipindi cha leo kitakachoifikia hata kiwe kizuri vipi.

Ukipima kwa fedha nyumbani Japani, mkubwa ni Kamen Rider. Aliporudi mwaka 2000 kwa jina la Kuuga, alichezwa na kijana mtanashati, Joe Odagiri, na Jumapili asubuhi kina mama wakagundua kuwa wao nao wana sababu ya kukaa pembeni mwa watoto wao. Baba aliyecheza na mkanda wa 1971 alikuwa sasa na mshahara, na Bandai ikamtengenezea mikanda ya watu wazima yenye bei ya watu wazima. Katika miaka ya 2020 mauzo ya vitu vya Kamen Rider yamekuwa mara kadhaa ya yale ya Super Sentai.

Ukipima kwa kutokatika nyumbani na kuenea ugenini, mkubwa alikuwa Super Sentai. Na huyu ndiye aliyeanguka. Mwaka 2025, akitimiza miaka 50, ilitangazwa kuwa kikosi cha 49, Gozyuger, ndicho cha mwisho katika mpango huo, na nafasi yake ipewe mfululizo mpya wa Gavan, shujaa wa chuma aliyeanza 1982.

Sababu yake iko katika hesabu ya watazamaji. Sentai ilikuwa ya watoto wadogo, wa miaka mitatu hadi sita hivi. Wakifika darasa la kwanza wanahamia kwa Kamen Rider au katuni, na kila mwaka kikosi kipya kinawasubiri watoto wapya. Mpango huu ni mzuri nchi ikizaa. Mwaka 1973 Japani walizaliwa watoto zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2024 hawakufika 700,000. Kamen Rider na Ultraman walikua pamoja na watazamaji wao. Sentai iliwaacha wakue, ikasubiri wadogo zao, na wadogo hawakuja.

Na ugenini je, hakukuwa na mamilioni waliompenda? Walikuwapo, ila hawakuwa wakimpenda yeye kwa jina lake. Mtoto wa China aliyempenda Ultraman alipokua na kuwa na fedha, alimtafuta Ultraman wa Japani, na leseni za China zikawa nguzo ya kampuni ya Tsuburaya. Mtoto wa Marekani aliyempenda mwekundu wa Zyuranger alipokua, alimtafuta kijana wa California, na fedha zake zikaenda kwa mwenye jina la Power Rangers. Sentai ililisha dunia kwa sahani ya mtu mwingine.

Lakini tusiishike methali yetu kwa pupa. Lile roboti, tumesema, lilipita kwa Spider-Man kabla ya kufika kwa Sentai. Hakuna shujaa kati ya hawa asiyeazima, na sisi wenye lugha iliyoazima kila bandari hatuwezi kumlaumu anayeazima. Kuchanganya si kuacha asili. Kinachouma ni kuvuliwa uso, kisha watoto wako mwenyewe wasijue kuwa ulikuwapo. Nasi wa ughaibuni tunaolifupisha jina ili mwajiri alitamke, tunajua kufupisha huanzia wapi, lakini hatujui huishia wapi.

Wale wajukuu tuliwasimulia yote haya kwa ufupi, na kila mmoja akapewa ushindi kwa mizani yake. Wa kadi aliridhika akaondoka. Mwenye nguo nyekundu alibaki, akauliza, "Babu, kwa hiyo yule wa ndani, anayepigana, ni Mjapani?" Tukamwambia ndiyo, ni yeye tangu mwanzo, na tukamtafutia Zyuranger kwa Kijapani. Burai alipokufa aligeuka kututazama, maana yeye alikuwa akijua kwamba wa kijani hafi. Tukamwambia, "Kwao alikufa. Na sisi tulikuwapo."